Jogoo wa Krismasi Hakufika Vugiri

Ndugu zangu wa jumuiya,

Tangu nirudi Handeni sijashona hata pindo moja kwa amani. Mmoja anaingia kuchukua gauni, anauliza, "Vero, safari ilikuwaje?" Namsimulia. Hajafika barabarani, anaingia wa pili. Kuna mama mmoja, simtaji, amekuja mara tatu na hana nguo yoyote kwangu. Basi nimeona niandike yote mara moja, msome kwa kupokezana, mniache nimalizie sare za shule kabla wazazi hawajaanza kunigombeza.

Mnajua nilichokuwa naomba, maana tumekiombea pamoja kila Alhamisi tangu mama yangu azikwe. Baba yangu, Mzee Kasanda, aliacha kuongea. Si kwamba ulimi ulimgoma. Daktari alimpima akasema yuko sawa. Ukimwamkia anaitikia marahaba. Ukimpa chakula anasema haya. Zaidi ya hapo, kimya. Mtu ambaye sauti yake ilisikika kutoka nyumba ya kwanza ya kambi ya katani hadi ya mwisho, mtu aliyebishana na redio, alikuwa anashinda kizingitini kutwa nzima na hatoki nje ya ua. Jina la mama hakulitaja hata siku moja. Mimi sikuomba makubwa. Niliomba nimsikie baba yangu akiongea tena kama baba yangu, basi.

Mpango ulikuwa rahisi. Nimpitie Ngombezi, nipande naye Vugiri kwa mdogo wangu Yosefu, tule Krismasi pamoja. Yosefu alishajaribu kumchukua akashindwa. Mzee hakukataa, ila hakuinuka. Mimi na Yosefu tulikuwa tunaogopa jambo moja, ingawa hatukuambiana: tukimwacha pale kizingitini mwaka mwingine, tutamzika na yeye.

Handeni hadi Sindeni

Niliondoka na begi, kitenge kipya cha wifi yangu, na jogoo. Wengi wenu mnamfahamu yule jogoo, mweupe, mwenye hasira, aliyekuwa anawafukuza wateja wangu uani. Nilimlisha pumba kwa mkono wangu tangu Pasaka. Nilimwambia Yosefu kwenye simu, tena kwa majivuno, "Nyama ya Krismasi naleta mimi. Wewe bandika maji tu."

Kosta letu lilitakiwa kuondoka asubuhi na mapema. Mnaijua asubuhi na mapema ya stendi yetu. Dereva kakaa kwenye usukani, injini inanguruma, gari linasogea mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo ili sisi tuliokwisha kukaa tuamini kwamba tunaondoka. Mimi niliamini kila mara.

Tulipita Misima mvua ikianza. Karibu na Sindeni tairi la nyuma likapasuka, na jeki ikatafutwa isionekane. Dereva alikuwa amemwazima shemeji yake. Konda akatutangazia, "Dakika tano tu, wapendwa, jeki iko njiani." Iko njiani kutoka wapi, hakusema.

Tukashuka. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Pembeni ya barabara palikuwa na mama anachoma mahindi, na akina mama wawili wa Kimaasai wanauza maziwa. Nikamshusha jogoo apate hewa, nikamfunga mguu kwenye benchi la muuza mahindi, nikanunua hindi langu nikaanza kutafuna. Kwenye lile benchi alikuwa amekaa mzee mmoja mwembamba, kanzu safi, kofia ya kiua, na miguuni kavaa raba za michezo. Alikuwa anamtazama jogoo wangu kuliko nilivyopenda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jogoo huyu wa nani?"

"Wangu. Nampeleka Vugiri kwa ajili ya Krismasi."

"Amenona. Ninyi watu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, babu. Nimezaliwa Ngombezi kambini, naishi Handeni."

"Kambini mlifikaje? Katani haikuota na watu. Babu yako alitoka wapi?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Alitoka Tabora kuja kukata katani. Sisi asili yetu ni Wanyamwezi, lakini Tabora yenyewe mimi sijawahi kufika."

Nusura adondoshe meno. Akainuka, akapiga makofi, akawageukia abiria wote. "Jamani! Nimempata mpagazi wangu! Babu zake walipita kwetu Uzigua na mizigo kichwani, wakala muhogo wetu, mpaka leo hata asante hawajasema!" Akainama, akafungua kamba, akamkumbatia jogoo wangu kwapani. "Huyu nimemchukua."

Nikacheka kidogo, kwa adabu, nikisubiri amrudishe. Hakumrudisha. Akakaa naye, akawa anamkuna shingo.

"Babu, samahani, naomba jogoo wangu."

Akaniangalia kwa masikitiko. "Samahani? Mnyamwezi gani anamwomba Mzigua samahani? Nitukane, mwanamke!"

"Siwezi kumtukana mtu mzima, babu."

"Basi jogoo ni wangu."

Nikamkimbilia konda, ambaye alikuwa amechuchumaa analitazama lile tairi kana kwamba litajiziba lenyewe. "Konda, yule mzee kachukua jogoo wangu mchana kweupe!"

"Mzee kabila gani?"

"Anasema Mzigua."

"Na wewe?"

"Mnyamwezi."

Akarudisha macho kwenye tairi. "Mama, huyo mtani wako. Mimi mambo ya watani siingilii."

Utani nilikuwa nausikia, jamani, msidhani sikuwa najua kabisa. Nilisikia kwamba Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwamba mtani anaweza kukunyang'anya kitu hadharani na hakuna kesi, mpaka umrudishie kwa maneno makali au ukikomboe kwa namna nyingine. Lakini kusikia si kunyang'anywa. Mimi ni mtoto wa kambi. Tulikua na Wamakonde, Wanyakyusa, Wasambaa na hao Wazigua, tukachota maji bomba moja, na kabila langu nililikumbuka nilipoulizwa tu. Sasa nimesimama barabarani Sindeni, mikono mitupu, abiria wote wanacheka, na mmoja wa wale mama wa Kimaasai anacheka kuliko wote ingawa sidhani kama alisikia hata nusu ya maneno.

Sindeni hadi Korogwe

Jeki ilifika ikiwa imepakiwa kwenye bodaboda, imeshikwa na shemeji mwenyewe, naye akataka aombwe radhi kwa kuharakishwa. Tukaondoka. Mzee alikaa viti viwili mbele yangu, jogoo mapajani, anampukuchulia punje za hindi. Hindi lenyewe ni langu. Nililiacha kwenye benchi nilipomkimbilia konda. Yule jogoo aliyekuwa anamparua kila mtu Handeni ametulia tuli, kafumba macho. Nilimchukia.

"Tukifika Korogwe nakwenda polisi," nikasema kwa sauti.

"Na polisi akiwa Mzigua?" mzee akajibu bila kugeuka, na gari zima likacheka tena.

Baadaye kidogo akageuka, sasa kwa upole. "Baba yako yuko hai?"

"Yuko Ngombezi." Nikaishia hapo. Sikutaka kumweleza mtu nisiyemjua habari za nyumbani.

Tulipofika stendi ya Korogwe alishuka na mwavuli, kapu na jogoo wangu, akasimama katikati ya watu akanipa ujumbe wake kama anayesoma tangazo. "Mwambie baba yako, Mzigua Sekiondo anaye jogoo wake. Akimtaka aje mwenyewe, asitume wanawake. Niko Manundu kwa binti yangu Mwanahawa, muuza vitumbua, nyuma ya mashine ya kusaga." Akaondoka anavuruga madimbwi na raba zake.

Niliingia mgahawani nikala chapati mbili kwa hasira, na chai ambayo sikuisikia utamu wake. Nikamwambia Mungu waziwazi: nimekuomba neno la baba miezi yote hii, na badala yake unanichukulia hata jogoo? Najua si maombi mazuri. Ndiyo niliyokuwa nayo siku hiyo.

Ngombezi

Baba alikuwa pale pale. Kizingiti kile kile cha ile nyumba ndefu ya kambi, shati la bluu, mikono juu ya magoti. Hii ndiyo mikono iliyokata katani ujana wake wote, kisha ikahamia kiwandani kwenye korona. Nawaambia vijana wa jumuiya: korona ni mashine ya kukamua katani, ilikuwepo zamani kabla ya ule ugonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikaingiza begi. Nikafagia, nikaosha vyombo, nikabandika chai. Kila ninachofanya nazungumza peke yangu, kama tunavyofanya wote kwenye nyumba yenye kimya. Nikamwambia habari za Handeni, za mvua, za mashine yangu mpya ya kudarizi. Nikamkumbusha kwamba kesho tunapanda kwa Yosefu. Akasema haya, na sauti ile ile ilinionyesha kwamba kesho hatainuka.

Nikamletea chai nikakaa chini karibu yake. Hapo ndipo jogoo alipokuja moyoni, na hasira ikanipanda upya. Sikusimulia kwa mpango wowote, nilikuwa nalalamika tu.

"Halafu baba, nimeibiwa. Nilikuwa nimeleta jogoo, mkubwa, mweupe. Mzee mmoja kanichukulia Sindeni mchana kweupe, eti kwa sababu mimi Mnyamwezi na yeye Mzigua. Ananiita mpagazi! Anasema babu zetu walikula muhogo wao hawakusema asante. Anaitwa Sekiondo, yuko Manundu. Eti ukimtaka jogoo uende mwenyewe, usitume wanawake."

Baba akaweka kikombe chini.

 Akashika nguzo ya mlango, akainuka, akaingia ndani. Nikasikia anavuta kitu chini ya kitanda. Nilidhani nimemuudhi, nikaanza kujilaumu. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vile vya kamba, ambavyo sikuviona tangu siku ya mazishi. Akachukua pama lake ukutani akalipiga vumbi kwenye goti.

"Baba, unakwenda wapi?"

Akaanza kutembea. Nikakimbia kufunga mlango, nikasahau chai jikoni, nikamfuata peku mpaka mwisho wa kambi ndipo nikakumbuka kurudi kuchukua ndala. Majirani walitoka nje kututazama. Mama mmoja alitaka kumwamkia, akashika mdomo. Barabarani baba akainua mkono, bajaji ikasimama.

Manundu

Nyumba ya Mwanahawa haikuwa ngumu kupata. Ukifika mashine ya kusaga unafuata harufu ya vitumbua. Mwenyewe alikuwa ukumbini na karai lake. Yule mzee alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, jogoo kafungwa kwenye mguu wa meza, wote wawili wanatazamana.

Baba akasimama nje ya uzio. Akavua pama. Akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yanapanda kama zamani alipokuwa anataka kuita watu wa zamu.

"Wewe Mzigua!"

Ndugu zangu, ile sauti. Kuku wa jirani waliruka. Mimi nilishika mti wa uzio kwa mikono miwili.

"Wewe mla bada! Toka hapo nikuone! Umezoea kumeza bada kavu ya muhogo na mlenda, leo umeona jogoo wa mtu akili imekuruka? Babu zako walituuzia muhogo mbichi njiani kwa bei ya ng'ombe, tukaumwa matumbo mpaka pwani, leo unataka na asante! Toa jogoo!"

Mzee Sekiondo alikuwa ameshasimama, uso mzima unameremeta. "Mpagazi! Umefika? Mbona mikono mitupu, mzigo wangu umeuacha wapi?"

"Mzigo wako ni kichwa chako, nacho hakina kitu!"

"Ingia, ingia, mtumwa wangu, nilikuwa nakusubiri!"

"Naingia kwangu! Ardhi hii tulikanyaga sisi ndipo ninyi mkajua ni njia!"

Wakaendelea hivyo, siwezi kuyaandika yote kwa sababu barua hii itasomwa na mama mchungaji. Mimi nilikuwa nalia. Mwanahawa aliacha vitumbua viungue akaniuliza kwa wasiwasi kama wazee wanagombana. Nikamwambia hapana dada, hayo ni majibu ya maombi. Nadhani aliniona sina akili timamu.

Kisha Mzee Sekiondo, katika kuendeleza mchezo, akasema, "Na mke wangu yuko wapi, yule unayenitunzia? Mbona hukuja naye?"

 Yeye hakujua, nilimnyima habari hiyo kwenye gari. Baba alisimama kimya, na mimi nikasema moyoni, basi, ameondoka tena.

"Amekufa," baba akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Mzee Sekiondo akamsogelea. "Lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mtani gani alikuja? Nani alilala kaburini mkamtoa kwa zawadi? Nani aliwachekesha waliaji?"

Baba akatikisa kichwa. "Hakuja mtu. Wazigua wa kambini waliokuwa wakinitania wamekufa, wengine walihama. Vijana walikodi spika."

Ni kweli. Tulikodi turubai, viti, spika na mshereheshaji aliyesoma ratiba. Tulifanya kila kitu, ila hatukujua kwamba alitakiwa mtu wa kuja kutuharibia ratiba. Siku ile baba alikuwa amekaa anatazama barabarani, na mimi nilidhani anatazama hewa tu.

 Mzee Sekiondo akavua kofia, akaitupa, akajibwaga chini kwenye tope, kanzu na kila kitu. "Uwii! Mmemzika mke wangu bila kuniita! Mnyamwezi amenilia mke, amenizikia mke kwa siri! Nizikeni na mimi! Lete jembe, mpagazi, chimba hapa hapa, wewe si una mgongo wa kazi?"

"Baba, kanzu!" Mwanahawa akapiga kelele. "Nimeifua jana!"

"Mfiwa hana kanzu! Nataka faini! Sitoki hapa chini bila faini!"

Baba alianza na mguno. Kisha mabega yakatikisika. Kisha akacheka, akacheka kweli, kicheko kile cha kuinama na kushika magoti, mpaka akaegemea uzio. Sikujua kicheko kilipogeuka kilio, kwa sababu mwili ulikuwa unatikisika vile vile. Mzee Sekiondo akainuka na tope lake, akamshika, wakasimama hivyo wazee wawili katikati ya ua, mmoja akilia na mwingine akimwambia kwa sauti ya chini, "Lia, mpagazi wangu. Lia, nimekuja."

Faini ilikuwa jogoo. Mzee Sekiondo alimchinja mwenyewe, kwa bismillahi, mbele yangu mimi niliyemlisha pumba tangu Pasaka. Mwanahawa akampika na nazi, akasonga bada. Baba aliyewatukana watu kwa bada yao akaomba aongezewe.

Kupanda Vugiri

Kesho yake baba aliniamsha yeye. Alikuwa ameshafunga kibegi chake na ananilaumu kwamba wanawake wa Handeni wanalala mno.

Tulipata pikapu iliyokuwa inapandisha chumvi, sabuni na watu. Baba alipewa mbele kwa heshima ya umri. Mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la chumvi, nimejifunika khanga, na kupitia kile kidirisha nikawa namsikia anaongea na dereva tangu bondeni. Anamweleza bei ya katani ya zamani. Anamweleza breki zake haziko sawa. Maneno ya kawaida kabisa, na kila neno lilikuwa linanitoa machozi upya. Mama wa Kisambaa aliyekaa karibu yangu, na kapu lake la magimbi ya kuchemsha, akanivumilia kwa muda, kisha akanishika bega.

"Pole sana, dada. Mnakwenda msibani?"

"Hapana, mama. Tunakwenda Krismasi."

Akanitazama, akafikiri, akanipa gimbi. Nikalila lote na chumvi niliyochota kwenye gunia nililokalia, Mungu na mwenye gunia wanisamehe.

Njia ilikuwa imelowa. Kwenye kona moja ya mashamba ya chai, lori lililotangulia lilikuwa limezama magurudumu, limefunga barabara yote. Wanaume wakashuka, kila mmoja akawa anatoa shauri lake na hakuna anayesukuma. Baba akafungua mlango. Nikamsihi asishuke, utelezi. Hakunisikia. Akasimama juu ya jiwe kubwa pembeni, pama kichwani, akapaza sauti.

"Ninyi wagosi, wanaume wazima, mnajadiliana na tope? Wawili huku! Wewe wa koti jekundu, kata matawi uweke chini ya tairi! Nikisema twende, ni twende, siyo mmoja mmoja!"

Wakamtii. Sijui kwa nini, hawakumjua, lakini wakamtii. Lori likatoka kwa kuwarushia wote tope usoni, na wote wakamshangilia yule mzee juu ya jiwe. Dereva wa pikapu akaniuliza kama baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Nikamwambia hapana, ni Mnyamwezi.

Yosefu alikuwa anatusubiri njiapanda, kajifunga koti na skafu, maana kule juu ukungu ulikuwa umeshuka. Alipomwona baba anashuka kwenye gari kwa miguu yake alikunja uso kama anayetaka kupiga chafya. Akajikaza, akanigeukia mimi. "Dada, jogoo yuko wapi? Maji yanachemka tangu mchana."

Nikafungua mdomo kujibu. Baba akatangulia.

"Jogoo ameliwa na Mzigua," akasema. "Chukua begi, nikueleze njiani. Ni habari ndefu."

Alimweleza mpaka nyumbani, na akasimama mara kwa mara kuonyesha namna Mzee Sekiondo alivyojibwaga. Yosefu alibeba begi kifuani kama mtoto, hakutazama anapokanyaga.

Krismasi

Ibada ilikuwa nzuri, kwaya ikapotea kidogo kwenye wimbo wa pili, ikajikuta yenyewe. Nyumbani wifi yangu alikuwa ametengeneza pilau ya nyama kidogo aliyoipata kwa jirani, viazi, kabichi na maharage. Majirani Waislamu walikuja na chapati na vitumbua. Watu walikula kwa macho kabla ya kupakuliwa. Kila aliyeingia aliuliza kuhusu jogoo, kwa sababu Yosefu alikuwa ameshamtangaza, na kila mara baba alisimulia upya na kuongeza kidogo.

Tulipokaa, Yosefu akasema, "Baba, tuombee."

Hii ilikuwa kazi yake tangu tukiwa wadogo. Zamani baba akiomba mezani, maombi yalizunguka Tabora mpaka Tanga, yakawapitia wagonjwa, wasafiri na viongozi wa nchi, na chakula kinapoa. Mama alikuwa anavumilia mpaka mchuzi uanze kuganda, kisha anakohoa. Mara moja tu, kwa adabu. Baba hapo hapo anasema amina.

Baba akavua pama. Akaomba. Akashukuru kwa mvua, akaomba isizidi. Akawaombea majirani, mmoja mmoja. Akawaombea ninyi, wa jumuiya ya Handeni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mlivyosimama nami. Akamwombea Mzigua Sekiondo apunguziwe tamaa. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama, akamtaja kwa jina, Elizabeti, akarudia, Elizabeti, na nikasikia Yosefu anavuta kamasi. Akaingia kwa wagonjwa. Akaingia kwa wasafiri wote walioko barabarani siku hiyo, na wenye magari yasiyo na jeki. Pilau ilikuwa inapoa kabisa.

Katikati ya sentensi akanyamaza.

 Nikafumbua macho. Baba alikuwa amefumba yake, mikono juu ya meza, midomo imefungwa. Nikawaza, kimya kimerudi.

"Hapa," akasema polepole, "ndipo mama yenu angekohoa."

 Wifi yangu akakohoa, kidogo, kwa adabu. Yosefu akakohoa. Nikakohoa na mimi.

"Amina," baba akasema. "Haya, kuleni. Chakula kimepoa."